PAMPU YA KISIMA IMEGOMA? SOMA HAPA KABLA HUJAMWITA FUNDI

 Mlioko mbali mkisoma kwenye kafe za Mwanza na Dar, najua ndo nyie mnaopigiwa simu na wazee nyumbani: "Mwanangu, pampu imekufa, tuma hela ya fundi." Unatuma. Wiki ijayo simu ile ile.

Leo nataka tuongee pampu za visima vya nyumbani, zile za nusu hosi pawa mpaka hosi moja zinazopandisha maji kwenye simtanki. Kiukweli nyingi zinazotangazwa kuwa zimekufa hazijafa. Kuna kapasita ya bei ndogo, kuna valvu imekwama na kipande cha jani, au maji yameshuka tu kisimani na pampu haina kosa lolote. Ukijua dalili unaokoa hela. Na kuna sehemu humu ndani inahusu uhai wa mtu, nimeiandika kwa urefu, hiyo usiiruke.

Kwanza ujue una pampu gani. Kuna ya juu, inakaa nje ya kisima na kuvuta maji kwa bomba. Zile ndogo za bluu zilizojaa madukani. Kuna ya kuzamisha, inakaa ndani ya maji na kusukuma kwenda juu. Na kuna ya mkono. Hizi mbili za umeme haziumwi magonjwa yale yale, kwa hiyo ukimpigia fundi simu mwambie ni ipi, asije na spana za bure.

Pili, sikiliza. Washa pampu, kaa kimya, sikiliza. Mota ina majibu machache tu: iko kimya kabisa, inaunguruma bila kuzunguka, inazunguka bila maji, inatoa maji kidogo, au inakata umeme. Kila jibu lina njia yake.

PAMPU IKO KIMYA

Usicheke, anza na LUKU. Halafu sakiti breka, halafu plagi (chomeka taa au chaja kwenye soketi hiyo hiyo uone), halafu lile boya la kwenye tenki linalozima pampu tenki likijaa. Boya likinasa kwenye bomba au kwenye mfuniko, pampu inaamini tenki limejaa wakati halina hata tone. Linyanyue na kulishusha kwa mkono uone kama mota inaitika.

Kama pampu ilikuwa inafanya kazi muda mrefu ikazima yenyewe na mwili wake ni wa moto, mota nyingi zina kinga ya joto ndani. Iache nusu saa ipoe, itawaka. Ila jiulize kwa nini ilichemka, maana hiyo kinga haijitokezi bure.

INAUNGURUMA LAKINI HAIZUNGUKI

Hapa ndo mafundi wengine wanapojipatia mlo. Inalia "mmmmm", haizunguki, baada ya dakika breka inakata. Atakwambia mota imeungua, isukwe upya. Subiri kwanza.

Zima, CHOMOA plagi kabisa. Nyuma ya pampu ya juu kuna feni chini ya kifuniko, na mara nyingi katikati ya shafti kuna mfereji wa kuingiza bisibisi. Izungushe. Ikigoma, feni ya ndani inayosukuma maji imekwama kwa kutu au mchanga. Hii inatokea sana kwa pampu iliyokaa bila kazi masika nzima kwa sababu watu walikuwa wanakinga maji ya bati. Izungushe taratibu kwenda na kurudi mpaka ilegee. Usipige nyundo.

Kama inazunguka laini kwa mkono lakini ukiwasha inaunguruma tu, mtuhumiwa namba moja ni kapasita, kile kikopo cha plastiki kwenye boksi la nyaya. Wakati mwingine utakikuta kimevimba au kimepasuka. Kimeandikwa namba, mfano 8 au 10 na alama ya maikrofaradi, pamoja na volti 450. Nunua yenye namba hiyo hiyo, usikubali "hii inakaribiana". Angalizo: kapasita inatunza umeme hata ukiwa umechomoa plagi. Usishike ncha zake mbili kwa vidole. Mafundi waangalifu wanazigusisha kwanza kwenye balbu ya zamani ya waya ili chaji iishe.

Kapasita ni nzima, shafti inazunguka, bado inaunguruma? Sasa tuongee umeme wenyewe. Umeme wetu unatakiwa uwe volti 230. Mko mwisho wa laini, saa moja jioni kila nyumba imewasha, unaweza kushuka sana. Ni hivi: nguvu ya mota kujizungusha haishuki sambamba na volti, inashuka kwa mraba wake. Volti zikifika 180, gawa 180 kwa 230, jibu lizidishe kwa lenyewe, unapata 0.61. Yaani mota imebaki na asilimia 61 tu ya nguvu ya kuanzia. Ndo maana pampu inayogoma jioni inawaka vizuri saa kumi alfajiri, watu wanasema ina mashetani. Haina.

Na kuna volti tunazipoteza wenyewe kwa waya mwembamba. Kisima kiko mita 60 toka nyumbani, umevuta waya wa shaba wa milimita 1.5 kwa sababu ni rahisi. Umeme unaenda na kurudi, hiyo ni mita 120, ukinzani wake kama omu moja na nusu. Mota ya nusu hosi pawa inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta ampia 12 kwa muda mfupi. Zidisha: volti 17 au 18 zimeishia njiani kabla hazijafika kwenye pampu. Ukitumia waya wa 2.5 zinapotea kama 11. Kama mlikuwa tayari na umeme hafifu, tofauti hiyo ndo inayoamua pampu iwake au isiwake. Fundi aliyefunga pampu mara mbili bila kupima volti pale kwenye pampu ikiwa imewashwa, huyo mwulize vizuri.

INAZUNGUKA VIZURI, MAJI HAYAJI

Hili ndo tatizo kuu la pampu za juu hapa kwetu, na ndo lililonifanya niandike.

Pampu ya juu haivuti maji kama wewe unavyovuta kamba. Inachofanya ni kupunguza hewa ndani ya bomba, halafu uzito wa hewa ya nje ndo unasukuma maji yapande. Wachimba visima wa Italia walilikuta hili tangu karne ya 17, pampu zao ziligoma kupandisha maji zaidi ya kama mita 10 hata wafanyeje, mpaka Torricelli akaeleza miaka ya 1640 kwamba ni uzito wa hewa. Kwa hiyo hata ukinunua mota kubwa kama ya mashine ya kusaga, ukomo uko pale pale.

Sasa ukomo huo ni mita 10.3 ukiwa usawa wa bahari, Tanga au Dar. Sisi hatuko usawa wa bahari. Ziwa Victoria lenyewe pale Lamadi liko kama mita 1,134 juu ya bahari, na Bariadi mjini tuko juu ya ziwa. Hewa huku ni nyepesi zaidi, ukomo wetu ni chini ya mita 9. Toa msuguano kwenye bomba, toa kona, toa valvu ya chini, pampu mpya kabisa inabaki na uwezo wa mita 6 mpaka 7. Wakati huo kwenye boksi imeandikwa mita 8. Aliyeandika hakudanganya, ila hakuandikia Bariadi.

Ndo maana hadithi ni ile ile kila mwaka. Mvua zikiwa zimekolea maji yako mita 4, pampu inapiga vizuri, mwenye nyumba anasifia. Ikifika Agosti, Septemba, maji yameshuka mita 8, pampu inazunguka kavu. Anaitwa fundi, anabadilisha sili, anabadilisha valvu, analipwa, maji hayaji. Novemba mvua inarudi, pampu "inapona".

Kwa hiyo kabla ya kufungua nati yoyote, PIMA. Chukua kamba, funga jiwe, piga fundo kila mita moja, shusha mpaka usikie maji, hesabu. Kumbuka unapima toka pale pampu ilipokaa, siyo toka mdomo wa kisima. Pima kabla ya kuwasha, na pima tena pampu ikiwa imevuta robo saa, kwa sababu maji yanashuka wakati wa kuvuta na hicho kipimo cha pili ndo cha kweli. Kikizidi 7, acha kulaumu pampu.

Kama kipimo kiko chini ya 6 na bado hakuna maji, basi hewa inaingia au maji yanarudi chini. Fungua kizibo cha juu ya pampu, jaza maji mpaka yafurike, funga, subiri nusu saa bila kuwasha, fungua uangalie. Yamebaki pale pale? Valvu ya chini ni nzima. Yameshuka? Valvu haishiki au bomba limetoboka. Vuta bomba juu, mara nyingi utakuta jani, mchanga au mpira wa valvu umeliwa.

Wengi hawajui kwamba bomba la upande wa kuvuta likitoboka halitoi maji nje. Linavuta hewa ndani, kwa hiyo hutaona hata unyevu. Paka povu zito la sabuni kwenye kila maungio pampu ikiwa inazunguka. Pale ambapo povu linanyonywa na kutoweka ndo penyewe. Jua letu linapasua mabomba ya plastiki yaliyoachwa wazi, yafukie au yafunike. Na zile klampu zilegee kidogo tu, kwisha habari.

SASA HAPA NAOMBA UMAKINI

Maji yakishuka chini ya mita 7, watu wanapata wazo: tushushe pampu ndani ya kisima, iwe karibu na maji. Kwa hesabu ni sahihi. Kwa uhai ni mtego.

Pampu ya petroli USISHUSHE kisimani. Hata mita mbili. Hata kwa dakika tano. Injini inatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na kisima ni shimo lisilo na upepo. Anayeshuka kuiwasha au kuizima analegea miguu kabla hajajua kinachomsibu. Halafu anashuka ndugu yake kumwokoa, naye analala. Vifo vya visimani vinakwenda kwa mafungu hivyo, baba, mtoto, jirani, kwa sababu hakuna anayeweza kusimama juu akimtazama mtu wake chini.

Hata bila injini, kisima kilichofunikwa muda mrefu kinaweza kukosa oksijeni. Wazee wanashusha kibatari, kikizimika hawashuki. Ni kipimo kizuri kwa kukosa oksijeni, lakini kwa moshi wa injini hakisaidii: kibatari kinaendelea kuwaka vizuri kabisa penye kaboni monoksaidi ya kuua mtu. Usikiamini kwa hilo.

Mtu akianguka kisimani usimfuate. Piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ita watu, na kama alishuka na kamba kiunoni vuteni toka juu. Kwa hiyo asiye na kamba kiunoni na watu wawili wa kushika juu asishuke, hata kama ni fundi wa miaka 20 na anakucheka.

Pampu ya umeme ya juu iliyoning'inizwa kwenye ukingo ndani ya kisima nayo ni hatari, maji yakipanda usiku inazama na waya zake. Jibu salama maji yakiwa mbali ni pampu ya kuzamisha, maana hiyo inasukuma, na huo ukomo wa hewa hauihusu. Kuna pia zile za mabomba mawili zinazorudisha sehemu ya maji chini ili yasukume mengine, zinafika mbali zaidi ila zinakula umeme.

MAJI NI KIDOGO KULIKO ZAMANI

Pima kwa ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 40, una lita 30 kwa dakika, na hiyo ni nzuri kwa nusu hosi pawa. Usidanganywe na maandishi ya kwenye boksi. Yale ya juu kabisa, labda lita 35 kwa dakika na mita 35, hayapatikani kwa wakati mmoja. Ukipata mita zote maji ni sifuri, ukipata lita zote hujapandisha popote.

Kama ndoo sasa inajaa kwa dakika mbili, kuna mchanga umekula feni ya ndani au bomba limeziba kwa kutu na chumvi. Zile pampu ndogo za bluu nafasi kati ya feni na ukuta wake ni finyu mno, mchanga kidogo tu unaisaga. Walio kwenye ardhi ya luseni na pembezoni mwa mito kama Simiyu na Duma wanalijua hili. Walio kwenye mbuga nyeusi shida yao ni tope, hasa mvua za kwanza zikiingia kisimani kupitia nyufa. Kwa wote, nyanyua pampu au valvu ya chini angalau nusu mita toka sakafu ya kisima, na uwe na mfuniko na zege kuzunguka mdomo.

Au labda kisima ndo kimechoka, pampu haina neno. Hii hesabu ni ya sekondari, msiikimbie. Kisima cha karavati chenye upana wa mita 1.2 kina lita 1,130 kwa kila mita moja ya kina cha maji (pai mara 0.6 mara 0.6). Vuta maji mpaka yashuke sana, zima, pima kwa kamba, subiri saa moja, pima tena. Yakipanda sentimita 30, kisima kinaingiza lita 340 kwa saa, chini ya lita 6 kwa dakika. Pampu yako inatoa 30. Unaona tatizo? Itakausha kisima, itazunguka kavu, na sili yake inaungua kwa sababu inapozwa na maji yale yale. Dawa ni kuvuta kidogo kidogo asubuhi na usiku, au kuweka boya la kuzima pampu maji yakiisha chini, au kuchimba zaidi kabla mvua hazijaanza.

INAKATA BREKA, AU MAJI YANAPIGA SHOTI

Breka ikikata mara tu unapowasha, maji yameingia kwenye mota au kwenye ungio la waya. Kwa pampu ya kuzamisha, ungio lililofungwa kwa selotepu nyeusi ya kawaida ndo mshtakiwa, linatakiwa kiungio maalumu kisichoingiza maji. Usirudishe breka mara tano tano ukitegemea itachoka. Na usibadilishe fyuzi kwa kipande cha waya.

Mtu akisema amesikia ganzi akishika bomba au akioga, zima swichi kuu SASA HIVI, siyo baadaye. Hapo huhitaji blogu, unahitaji fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, apime kwa mega na akague waya wa ardhi. Nyumba nyingi huo waya wa ardhi ni nguzo ya chuma fupi kwenye udongo mkavu, kiangazi haifanyi kazi yoyote.

SOLA NA PAMPU ZA MKONO, KWA UFUPI

Sola: futa vumbi kwenye paneli, angalia kivuli cha mwembe uliokua tangu mfunge, angalia viunganishi vya nyaya. Kivuli cha tawi moja kinaweza kushusha umeme wa paneli nzima.

Pampu za mkono huku zina historia ndefu. Miaka ya 1970, Bariadi tukiwa bado mkoa wa Shinyanga (Simiyu imekuwa mkoa mwaka 2012), Waholanzi walikuwa na mradi wa visima vifupi mkoani humo, na upande wa Busega, ilipokuwa Magu, alipita HESAWA wa Waswidi kuanzia 1985. Ukiikuta moja nyumbani kwenu kipimo ni rahisi: pampu, acha nusu saa, pampu tena ukihesabu. Maji yakitoka ndani ya viboko vichache iko sawa. Ukipiga 15 ndo yanakuja, valvu ya chini au bomba linavuja. Yakija haraka lakini kidogo, badilisha mpira wa pistoni.

BAADA YA KUTENGENEZA

Mikono, kamba na mabomba yameingia kwenye maji ya kunywa, kwa hiyo kisafishe. Klorini ya unga ya asilimia 65 mpaka 70, gramu 75 hivi kwa kila lita 1,000 zilizomo kisimani (kiasi cha maji umeshajua kukipiga hesabu). Ikoroge kwenye ndoo ya plastiki, nje penye upepo, tia unga kwenye maji na siyo maji kwenye unga. Mimina kisimani, washa pampu mpaka usikie harufu ya dawa kwenye koki, zima, acha saa 12 bila mtu kuchota. Kesho yake vuta maji yote mpaka harufu iishe, na hayo ya kwanza usimwagilie mchicha wala kunywesha ng'ombe.